Kutoka Moto wa Kuni hadi Taa za LED: Historia ya Mwanga wa Joto katika Uvuvi wa Rumonge na Ukokotoaji Wake kwa Programu Sahili za Kompyuta

Ikisiri

Wavuvi wa mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika wamevua ndagala usiku kwa vizazi vingi wakitumia mwanga unaotokana na joto: kwanza moto wa kuni, baadaye karabai. Makala haya yanafuatilia historia hiyo tangu karne ya 19 hadi kuingia kwa taa za LED. Yanaonesha pia kuwa programu sahili ya kompyuta, ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kujitungia, inatosha kueleza kwa tarakimu mabadiliko ambayo maandishi ya kihistoria huyaeleza kwa maneno tu. Hoja kuu ni kwamba kila badiliko la chanzo cha mwanga liliongeza nguvu ya uvuvi kwa kiwango ambacho hesabu ya vyombo na taa haiwezi kukionesha. Kwa kuwa taa za LED zimeondoa gharama ya mafuta, ambayo ilikuwa breki ya asili ya uvuvi, makala yanapendekeza kuwa usimamizi wa ziwa upime mwanga wenyewe badala ya kuhesabu taa.

1.0 Utangulizi

Mji wa Rumonge uko katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura. Ni mji wa mawese, wa wafanyabiashara wanaozungumza Kiswahili sambamba na Kirundi, na wa uvuvi. Usiku usio na mbalamwezi, anayesimama ufukweni huona safu ya taa majini mithili ya mji wa pili. Asubuhi mitumbwi hurudi, na ndagala huanikwa juani. Samaki huyo mdogo, anayejulikana Kigoma kwa jina la dagaa, pamoja na mukeke, ambaye upande wa Tanzania huitwa mgebuka, ndio msingi wa uvuvi wa ziwa zima.

Ziwa hili lina kina cha takribani mita 1,470 na eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,900. Linamilikiwa na nchi nne, na sehemu ya Burundi ni takribani asilimia 8 tu ya eneo lote. Hata hivyo, katika sehemu hiyo ndogo ndimo yalimotokea mabadiliko kadhaa makubwa ya zana za uvuvi katika nusu ya pili ya karne ya 20. Wanahistoria na wataalamu wa uvuvi wameyaeleza mabadiliko hayo kwa kutaja nyavu na vyombo. Mwanga wenyewe, ambao ndio unaomwita samaki, umebaki pembeni kana kwamba taa ni taa tu. Makala haya yanaujaza mwanya huo.

2.0 Chombo cha uchunguzi: programu ya kujitungia

Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho. Kikipata joto la kutosha, sehemu ya mnururisho huo huonekana kwa macho, na sehemu hiyo ndiyo mwanga wa joto. Mwaka 1879 Josef Stefan alibainisha kwamba jumla ya mnururisho huongezeka kwa kipeo cha nne cha jotoridi. Mwaka 1893 Wilhelm Wien alionesha kuwa kadiri kitu kinavyozidi kuwa cha moto ndivyo kilele cha mnururisho wake kinavyosogea kuelekea mawimbi mafupi. Mwezi Desemba 1900 Max Planck aliwasilisha mjini Berlin kanuni inayoonesha ni nishati kiasi gani hutoka katika kila urefu wa wimbi.

Kanuni ya Planck ni fupi, lakini kuijumlisha kwa mkono katika mawimbi mengi ni kazi ya kuchosha. Kwa miongo mingi wahandisi walitegemea majedwali yaliyochapishwa. Kompyuta iliigeuza kazi hiyo kuwa ya dakika chache, ingawa kwa muda mrefu haikuwa chombo cha kila mtu katika ukanda huu: Tanzania, kwa mfano, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Lugha ya BASIC, iliyobuniwa mwaka 1964 ili wanafunzi wasio wataalamu waweze kutunga programu, na baadaye Python, iliyotolewa mwaka 1991, ziliuweka uwezo huo mikononi mwa mtu wa kawaida. Leo simu ya mkononi inatosha.

Programu inayohitajika haizidi mistari ishirini. Hatua zake ni hizi: kwanza, mtumiaji hutaja jotoridi kwa Kelvini. Pili, programu huanza katika wimbi la nanomita 400, ambako jicho huona zambarau, na kukokotoa nguvu ya mnururisho kwa kanuni ya Planck. Tatu, husogea nanomita 1 na kurudia hadi ifike nanomita 700, mwisho wa wekundu, huku ikijumlisha. Nne, jumla hiyo hugawanywa kwa mnururisho wote wa kitu hicho, ambao hupatikana kwa kanuni ya Stefan. Jibu ni sehemu ya joto inayogeuka kuwa mwanga.

Usahili huo una mitego miwili. Wa kwanza ni vizio: anayesahau kugeuza nanomita kuwa mita hupata majibu yasiyo na maana. Wa pili ni ukubwa wa namba. Katika kompyuta nyingi za nyumbani za miaka ya 1980, namba inayozidi takribani 10 kwa kipeo cha 38 haikuhifadhika. Kwa hiyo mtu aliyeanzisha hesabu katika wimbi la nanomita 100 kwa jotoridi la Kelvini 1,400 aliona programu ikisimama ghafla. Dawa ya mitego yote miwili ni ukaguzi: programu ikijumlisha mawimbi yote, mafupi kwa marefu, kwa jotoridi la Kelvini 1,900, sharti ipate takribani kilowati 739 kwa kila mita ya mraba, sawa na jibu la kanuni ya Stefan. Isipopata jibu hilo, kosa limo ndani ya programu.

Thamani ya programu kama hii kwa mwanahistoria ni uwazi wake. Kila mstari unasomeka, na msomaji anayetilia shaka tarakimu anaweza kuzitafuta upya mwenyewe. Jedwali la 1 linaonesha matokeo kwa majotoridi manne: moto wa kuni, utambi wa mafuta ya taa, balbu ya waya, na jua kwa ajili ya ulinganisho.

Jedwali la 1: Mwanga wa gimba jeusi kamili kwa majotoridi manne

| Chanzo cha mfano | Jotoridi (K) | Kilele cha mnururisho (nm) | Sehemu inayoonekana (%) | Uwiano wa nyekundu (nm 700) kwa buluu (nm 480) |
|---|---|---|---|---|
| Moto wa kuni | 1,400 | 2,070 | 0.025 | 127 |
| Utambi wa mafuta | 1,900 | 1,525 | 0.52 | 22 |
| Balbu ya waya | 2,800 | 1,035 | 6.0 | 4.4 |
| Jua | 5,800 | 500 | 37 | 0.79 |

3.0 Enzi ya moto wa kuni

Richard Burton na John Hanning Speke walipopita katika mwambao huu mwaka 1858 wakielekea kaskazini mwa ziwa, na Henry Morton Stanley na David Livingstone walipofika mdomo wa mto Rusizi mwaka 1871, uvuvi wa usiku kwa moto haukuwa jambo geni kwa wenyeji. Zana yake kuu ilikuwa lusenga, wavu wenye umbo la pia uliofungwa kwenye mpini mrefu. Kuni au matete yaliwashwa kwenye ncha ya mtumbwi. Ndagala walipokusanyika chini ya moto, mvuvi aliwachota.

Jedwali la 1 linaeleza kwa nini njia hiyo ilikuwa na mpaka wake. Katika jotoridi la Kelvini 1,400, kati ya kila sehemu 10,000 za mnururisho, zinazoonekana ni mbili au tatu tu. Nyingine zote ni joto linalomchoma mvuvi usoni bila kumfikia samaki. Tena mwanga huo mdogo ni mwekundu mno, na maji hayaupendi wekundu. Mita 10 za maji safi kabisa huacha sehemu 2 tu kwa kila 1,000 za mwanga wa nanomita 700, ilhali huacha zaidi ya asilimia 85 ya mwanga wa nanomita 480. Ziwa Tanganyika lina maji maangavu, hivyo ulinganisho huo unatoa picha inayokaribia hali halisi. Moto wa kuni uliwaita samaki waliokuwa karibu na uso wa maji. Waliokuwa chini zaidi hawakupata mwito huo.

Kwa hiyo lusenga ilikuwa na kiasi chake. Hakuna aliyehitaji kuweka sheria ya kumzuia mvuvi asiite samaki wa kina kirefu, maana moto wake haukuweza.

4.0 Enzi ya karabai

Mafuta ya taa yaliingia katika mwambao huu pamoja na biashara ya kikoloni. Kutoka moto wa kuni hadi utambi wa mafuta, jotoridi hupanda kwa Kelvini 500 hivi. Kwa macho ya kawaida ongezeko hilo ni la wastani. Programu inasema vingine: jumla ya mnururisho kwa kila sentimita ya mraba huongezeka mara 3.4, lakini mwanga unaoonekana huongezeka takribani mara 70. Hii ndiyo tabia ya mwanga wa joto ambayo maelezo ya maneno huikosa.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa karabai. Asili yake ni uvumbuzi wa Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyesajili hataza ya soksi ya taa mwaka 1885 na kuiboresha mwaka 1891 kwa kuchanganya oksidi ya thoriamu na kiasi kidogo cha oksidi ya seriamu. Soksi hiyo, ikipashwa na mvuke wa mafuta unaosukumwa kwa pampu, hung'aa kwa weupe unaojulikana kwa kila aliyewahi kuhudhuria harusi ya usiku kijijini.

Hapa programu sahili inahitaji tahadhari. Kanuni ya Planck inahusu gimba jeusi kamili, na soksi ya karabai si gimba la namna hiyo. Madini yake hutoa mnururisho hafifu katika mawimbi marefu yasiyoonekana, ambako gimba jeusi hupoteza sehemu kubwa ya nishati, na hutoa kwa wingi zaidi katika mawimbi yanayoonekana. Ni mwanga wa joto bado, lakini wenye kuchagua. Kwa hiyo majibu ya programu ni makadirio ya chini kwa karabai. Programu ya kujitungia haipotezi thamani kwa kuwa na mpaka huo, mradi mtumiaji aujue.

Katika miaka ya 1950 karabai ilikutana na nyavu mpya. Katikati ya muongo huo wavuvi wa Kigiriki walianzisha katika maji ya Burundi uvuvi wa kiviwanda: meli moja yenye wavu wa kuzungushia, ikifuatana na mashua ndogo za taa. Mwishoni mwa muongo huo uliingia wavu wa kunyanyua unaoshushwa kati ya vyombo viwili vilivyounganishwa kwa magogo, aina ambayo upande wa Kigoma huitwa kipe. Taa hutundikwa juu ya maji, ndagala hukusanyika, kisha wavu hunyanyuliwa kutoka chini yao. Wavu huo ulikuwa na maana kwa sababu tu mwanga ulikuwa umepata nguvu ya kuita samaki wa chini. Katika miaka ya 1980 ulifuata mtindo mkubwa zaidi uliopewa jina la Apollo, wenye vyombo virefu, wavu mpana na taa nyingi zaidi. Meli za kiviwanda za Burundi zilidhoofika na kutoweka kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vita vilivyoanza mwaka 1993 vikavuruga uvuvi wa usiku. Wavuvi wadogo, wakiwa na karabai zao, ndio waliobaki.

4.1 Mbalamwezi na hesabu yake

Mapokeo ya wavuvi yanasema kuwa usiku wa mwezi mpevu si wa kwenda ziwani. Hesabu fupi inayaunga mkono. Mwezi mpevu huangaza uso wa dunia kwa takribani luksi 0.25. Usiku wa nyota pekee huwa na takribani luksi 0.001. Tuseme taa ina nguvu ya kandela 300. Kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, taa hiyo huushinda mwanga wa nyota hadi umbali wa mita 550 hivi, lakini huushinda mwezi mpevu hadi mita 35 tu. Eneo ambalo taa inatawala huwa dogo mara 250. Hesabu hii haikuzingatia namna maji yanavyonyonya mwanga, lakini inatosha kuonesha kwamba mwezi ulikuwa ukilipa ziwa mapumziko ya siku kadhaa kila mwezi bila tangazo la serikali.

4.2 Gharama kama breki

Lita moja ya mafuta ya taa ina nishati ya takribani megajuli 35. Karabai kubwa inayotumia lita hiyo kwa saa 8 huwa inateketeza wastani wa wati 1,200, sehemu kubwa ikiwa joto tupu. Mwenye chombo chenye taa nane huhitaji lita nane kwa usiku mmoja wa saa hizo, awe amepata samaki au amerudi mikono mitupu. Kwa hiyo kila taa iliyoongezwa iliongeza deni. Mvuvi aliyetaka kuongeza mwanga alilazimika kupima kama ndagala watakaopatikana watalipa mafuta. Pamoja na mpaka wa jotoridi na mapumziko ya mwezi, bei ya mafuta ilikuwa breki ya tatu.

5.0 Mwisho wa mwanga wa joto

Diodi ya buluu iliyofanikishwa nchini Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo iliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, ndiyo iliyowezesha taa nyeupe ya LED. Taa hizo, zikiendeshwa kwa betri na mara nyingi kuchajiwa kwa sola, zimeenea katika maziwa ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 2010. Kwa wavuvi wa Burundi, nchi iliyokumbwa na uhaba mkali wa mafuta katika miaka ya 2020, faida yake haihitaji maelezo.

Kifizikia, hapa historia inakatika. Mwanga wa LED si mwanga wa joto. Hautokani na kitu kilichopashwa moto, na kanuni ya Planck haiuelezi. Programu iliyofuatilia mwanga wa Rumonge tangu kuni hadi utambi haina la kusema juu yake, na kimya hicho chenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Taa ya LED ya wati 10 inaweza kutoa lumeni 1,000 au zaidi, ilhali karabai huteketeza nishati mara 120 ya hiyo. Zaidi ya hayo, taa nyingi nyeupe za LED huanzia katika mwanga wa buluu wa takribani nanomita 450, yaani karibu na mawimbi ambayo maji maangavu huyapitisha kwa urahisi. Utambi wa Kelvini 1,900 hutoa wekundu wa nanomita 700 mara 22 ya buluu ya nanomita 480. Baada ya mita 10 za maji safi uwiano huo hugeuka, buluu ikawa mara 21 ya wekundu. Kwa maneno mengine, ziwa lilikuwa likiutupa mwanga mwingi wa mvuvi. Taa mpya zinapunguza hasara hiyo.

6.0 Maana yake kwa sera

Mwaka 1995 hesabu ya pamoja ya ziwa zima ilipata wavuvi wapatao 45,000. Kazi za namna hiyo ni za lazima, na usimamizi wa nchi nne kupitia Mkataba wa mwaka 2003 na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura unazitegemea. Lakini zimejengwa juu ya desturi ya kuhesabu watu, vyombo na nyavu. Hata pale taa zinapohesabiwa, huhesabiwa kwa idadi. Desturi hiyo ilikuwa na mantiki katika enzi ya karabai, kwa kuwa karabai moja haikutofautiana sana na nyingine na bei ya mafuta ilizuia ziada. Leo taa mbili za LED zinaweza kutofautiana mara kumi, nazo zitaandikwa daftarini kama taa mbili.

Suala hili lina uzito kwa sababu ziwa lenyewe halina ziada ya kugawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa ongezeko la joto la dunia limepunguza uzalishaji wa msingi wa ziwa kwa takribani asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Nguvu ya mwito inaongezeka wakati wanaoitwa wanapungua.

Jawabu si kupiga marufuku taa za LED. Kumrudisha mvuvi wa Rumonge kwenye karabai ni kumrudishia deni la mafuta, moshi kifuani na soksi zinazopasuka kwa wimbi la kwanza, ilhali si yeye aliyelipasha ziwa joto. Yanayopendekezwa ni mambo matatu. Kwanza, takwimu za uvuvi zirekodi kwa kila chombo jumla ya wati au lumeni, si idadi ya taa pekee. Pili, mapumziko yaliyokuwa yakiletwa na mwezi yatambuliwe kuwa sehemu ya usimamizi wa jadi, na yalindwe kwa makubaliano kabla taa zenye nguvu hazijayafuta. Tatu, programu sahili za kukokotoa mwanga zifundishwe kwa Kiswahili katika shule na vyama vya wavuvi vya mwambao. Istilahi zipo: mnururisho, jotoridi, urefu wa wimbi. Mvuvi anayeweza kukokotoa mwanga wa taa yake anaweza pia kujadiliana na ofisa anayetaka kuudhibiti, na ofisa huyo hataweza kumtajia tarakimu zisizokaguliwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa historia ya uvuvi wa Rumonge ni pia historia ya jotoridi. Moto wa kuni uliwaita samaki wa juu tu. Utambi na karabai viliongeza mwanga mara nyingi kuliko vilivyoongeza joto, na vikazipa nyavu mpya sababu ya kuwapo. Katika enzi zote hizo fizikia, mwezi na bei ya mafuta viliweka mipaka ambayo hakuna bunge lililoipitisha. Taa ya LED imeiondoa mipaka hiyo au kuilegeza. Iliyobaki kuwekwa ni ya makubaliano, na makubaliano yatakuwa ya haki pale tu pande zote zitakapokuwa zinapima kitu kimoja kwa kipimo kimoja.